Chale Kwenye Kijiti

Hapa Zenstaldi hatuna kitabu cha kale.
Tuna kijiti.
Urefu wake shubiri moja na kidogo,
msonobari uliokauka hadi ukawa na rangi ya chai ya rangi,
na ubavuni chale: tatu zimesimama, moja imelala.
Hiyo iliyolala ndiyo sisi.

Bibi Trina alikificha ndani ya pipa la shayiri.
Alinipa nikishike, akaninyang'anya papo hapo:
"Usikitafune. Hayo ni maji."

Maji kweli. Kila chale, saa moja ya zamu
kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa jabali,
kutoka ulimi wa barafu hadi kwenye majani ya ng'ombe.

Walivuka kutoka upande wa pili wa mlima,
familia saba, mbuzi mbele,
na Joder nyuma kabisa, amebeba mlango mgongoni,
mlango mtupu, bila nyumba,
kwa kuwa aliapa hataanza maisha kwa mlango wa kuazima.
Bonde la chini lilikuwa na wenyewe.
Bwana wa bonde akasema: chukueni palipobaki.
Palipobaki!
Mteremko ambao, kwa utani wetu,
hata kuku hupigwa misumari ya kwatoni.

Wakajenga. Ghala wakaziinua kwa miguu minne,
kila mguu ukavishwa sahani ya jiwe:
panya apande, afike ukingoni,
ashuke na njaa yake.

Aliyekufa wakati wa baridi hakuzikwa. Ardhi ilikuwa chuma.
Madlena alilala darini wiki kumi na moja,
na kila usiku mumewe aligonga mbao kwa mpini wa ufagio:
lala salama.
Theluji ilipoyeyuka wakamteremsha.
Mume aliendelea kugonga hadi mavuno.

Leo nyumba ni kumi na mbili, nne tu zina moshi.
Maji huja kwa bomba la plastiki, hayana zamu.
Mwezi uliopita alipanda kijana wa makumbusho,
glavu nyeupe, sauti ya kanisani:
kijiti kitawekwa ndani ya kioo, na jina la ukoo chini yake.
Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Kisha nikakigeuza.
Mgongoni kuna chale ya tano, fupi, imepinda,
ya kisu cha haraka.
Nilimuuliza Bibi zamani, akacheka mpaka akakohoa:
mwaka wa ukame, nyanya ya nyanya yake
alijiongezea saa moja
kutoka kwa kina Zurlauf.

Nikamwambia kijana, rudi mwakani.

Zurlauf amebaki mmoja, Kaspar, jirani,
hunisalimu kila asubuhi kwa kuinua kofia.
Jana nilivuta mpira wangu hadi kwenye maharage yake,
nikafungulia.
Aliuliza: maji hayo ni ya nini?
Nikasema: ya zamani.
Hakuongeza neno. Akaketi kwenye kizingiti.

Nilipoinama kufunga bomba
alitazama saa yake:
"Bado robo."