Mbavu Angani

Wameomba wasifu wake, ukurasa mmoja:
jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, tuzo, mchango katika sanaa.
Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri.

Jina: Mwinshehe Mloka.
Mwaka wa kuzaliwa hakuujua hata yeye.
Mama yake alisema ni ule Msimbazi ulipofurika
ukabeba choo cha jirani na mbuzi wao wawili.
Andikeni hivyo.

Shule: Keko, chini ya benchi la fundi Mngoya,
akichora farasi pembeni mwa daftari la madeni.
Ukilipekua haraka, farasi anakimbia
kutoka deni la misumari hadi deni la gundi.
Farasi mwenyewe hajawahi kumwona.
Fundi alimzaba kofi, kisha akasema: Hebu tena.

Mimi nilikuwa mpaka rangi.
Tulikuwa wanne, chumba kimoja Chang'ombe,
kioo cha dirisha juu ya stuli mbili, balbu chini yake.
Plastiki ya kuchorea hatukuwa nayo,
mpaka Bi Havijawa wa Muhimbili alipotuletea kapu
la picha za eksirei, za waliopona na wasiopona.
Tukaziloweka kwenye jiki, tukasugua usiku kucha
hadi mapafu yakatoka.
Mengine hayakutoka.
Ndiyo maana katika filamu ya kwanza
anga la Kariakoo lina mbavu za mtu,
hafifu, kama wingu lisilo na nia ya kunyesha.
Huko nje waliandika kwamba ni fumbo la taifa.
Alicheka mpaka akapaliwa:
"Ni fumbo la jiki kuisha."

Filamu yenyewe: kunguru anaiba kipande cha sabuni.
Dakika nne. Miaka mitatu.
Picha kumi na mbili kwa kila sekunde,
na umeme wa mgao, zamu yetu saa nane za usiku.
Alishinda jalalani Buguruni akihesabu hatua za kunguru.
"Yule hatembei," alisema, "anadai kodi."
Basi akatutembeza sote chumbani, mikono mgongoni, vifua mbele,
mpaka mwenye nyumba akaingia kweli
akaona tunamwigiza.
Tulihama mwezi ule.

Tuzo: ipo. Inazuia mlango wa jikoni usijifunge.
Pamoja nayo walimpa kazi ng'ambo,
ofisi yenye kiyoyozi, vijana arobaini, kila mmoja na kompyuta yake.
Wiki ya tano akarudi.
Waliomuuliza aliwajibu:
kunguru wa kule ni weusi mpaka shingoni.
Sababu nyingine naijua. Siiandiki.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka.
Mistari ikashikwa na homa, nyumba zikasinzia,
jua likawa kama yai lililovunjwa na mtoto.
Magazeti yakasifu: mtindo mpya wa Mloka!
Naye akawaacha wasifu.
Miaka miwili nilimshika kifundo cha mkono,
yeye akisukuma, mimi nikizuia,
na mstari ukapita katikati ya ubishi wetu.
Mchango katika sanaa, mmeuliza.
Sijui wa nani.

Ya mwisho haikuisha.
Ni maji tu, rangi ya chai ya maziwa,
na mlango wa choo unaelea kuelekea daraja la Selander,
mbuzi wawili juu yake, wametulia kama abiria waliolipa nauli.
Picha elfu mbili mia mbili na nane.
Katika hiyo ya nane, mbuzi wa pili ameanza kugeuza shingo.

Nimejaribu kuchora ya tisa.
Nimejaribu kwa kalamu hii hii, nyuma ya fomu yenu.
Shingo inageuka vizuri.
Ila sijui alitaka amtazame nani.