Zamu ya Usiku, Chumba cha Mashine

Nusu megabaiti ya kumbukumbu,
viendeshi vya kanda vitatu, kimoja mgonjwa tangu Pasaka,
diski mbili nzito kama mawe ya kusagia,
printa moja.
Hicho ndicho chakula chote tulicho nacho hapa Moshi,
na kwenye foleni zimekaa kazi thelathini na moja
zimekodoa macho.

Mfumo endeshi unajua kugawa.
Huyu kipande cha kumbukumbu, yule chembe ya muda wa kichakataji,
ukimaliza ondoka, mwenzio aingie.
Mama yangu kule Uru angeuelewa bila kuusomea:
mfongo ukishuka, Jumanne ni yetu mpaka adhuhuri,
kisha unaziba kwa matope na maganda ya mgomba
maji yaende kwa kina Temba,
hata kama nusu ya shamba lako bado ina kiu.

Saa nane na dakika kumi, kimya.
Kanda hazizunguki.
MALIPO imeshika kiendeshi cha kwanza, inataka cha pili.
RIPOTI imeshika cha pili, inataka cha kwanza.
Hakuna kosa lililoandikwa kwenye karatasi.
Kila moja imeshika kwa haki,
inasubiri kwa haki,
na zitasubiri hivyo mpaka kiyama,
kama yale mawe tunayopanga dukani kwenye foleni ya sukari,
wenyewe wamekwenda kulala
na sukari yenyewe haijafika.

Mwongozo, ukurasa wenye doa la kahawa, unasema:
*mwendeshaji achague.*

RIPOTI ina wino mwekundu wa Bwana Kileo:
YA KWANZA, WAGENI SAA NNE.
MALIPO ina wakulima elfu mbili na mia tatu,
kilo zao, makato yao, senti zao.
Nambari 1147 sikuitafuta.
Naijua. Ndiyo maana sikuitafuta.

Nikanywa chai, ilikuwa imepoa.
Kiyoyozi kilivuma, nikakaza kitenge mabegani.
Kisha nikaandika amri, herufi sita na nambari,
nikaiua RIPOTI.

Kiendeshi cha pili kikashtuka,
kikarudisha kanda nyuma, kikaachia.
Ya MALIPO nikaifunga mahali pake kwa mikono yangu,
na printa ikaanza kunyesha majina:
Kibosho, Uru, Old Moshi, Mamba,
karatasi ikijikunja sakafuni mpaka magotini.

Kwenye daftari la zamu niliandika:
*RIPOTI imesimamishwa 08.31 usiku. Ilikuwa na dakika tisa tu,*
*MALIPO ina saa nne. Hasara ndogo. A. Ndekirwa.*

Ni kweli, kila neno.
Bwana Kileo ataisoma mara mbili akitafuta kosa,
hatalipata.
Nami nimeisoma mara tano,
mwandiko wangu umenyooka mno,
kama wa mtu aliyezibua mfongo gizani
akarudi nyumbani
akanawa matope vizuri kabla hajabisha hodi.