Karatasi Chini ya Ufunguo

Ilze, mlango huu huvimba masika yakianza.
Usiupige teke. Uinue kidogo kwa goti,
kama anayemnyanyua mtoto aliyelala,
ndipo uzungushe ufunguo.

Maji ya bomba huja Jumanne, usiku wa manane;
hukohoa kwanza, hutema kutu, kisha hutiririka.
Amka. Jaza pipa, jaza madumu, jaza hata sufuria.
Ya kisimani yana chumvi: oshea sakafu, usipikie chai.
Ya kunywa nunua kwa Karisa wa mkokoteni.
Akikutajia bei ya watalii, mcheke, usimkasirikie,
mwambie, "Mimi ni wa kwa Bi Zuwena."
Bei itashuka kama homa iliyopata dawa.

Salamu hapa hazina njia ya mkato.
Jana nilikuona ukimwuliza Bwanaheri bei ya mayai
kabla hujamwuliza ameamkaje.
Alikuuzia, ndiyo, lakini alikuuzia mayai tu.
Mwulize usiku ulivyopita, watoto, lile goti lake bovu;
utaondoka na mayai, na habari za nani anauza feni,
na pilipili mbili za bure ndani ya gazeti.

Uhamiaji nenda na nakala tatu za kila kitu,
hata za kile ambacho hawakukiomba.
Watakwambia "kesho". Usiandike tarehe.
Kesho ni neno la mtu
asiyetaka kukuvunja moyo asubuhi.
Na "inshallah" isikize inavyotamkwa:
ikikatwa fupi, mtu yuwaja;
ikivutwa kama uzi wa halua, pika ule peke yako.

Ukialikwa, onja. Ukishiba, bakisha tonge:
sahani tupu hapa huitwa njaa.
Viatu mlangoni.
Mabega yako ni yako, lakini Kibokoni ni ya sote;
leso ziko tatu kabatini, chukua.
Ile nyekundu, tafuta mtu akusomee maandishi yake
kabla hujapita nayo mbele ya nyumba ya Bi Shufaa.
Mimi niliinunua makusudi. Wewe huna ugomvi naye bado.

Wajua kwa nini nakuandikia yote haya?
Nilikaa Kadifu miaka minne, marehemu akiwa fundi wa meli.
Wiki ya kwanza nilianika leso nje, mwezi wa Januari.
Zikakakamaa kama ng'onda.
Nilisimamisha moja ukutani, ikasimama kweli.
Nikacheka, kisha nikalia,
na jirani akavuta pazia lake.
Hakuna aliyeniambia
kuwa jua la kule ni la kutazama tu.

Basi na wewe utalia. Mimi ilikuwa mara nyingi,
na kila mara kwa jambo dogo:
tokeni ya stima imekataa kuingia,
kunguru amebeba sabuni.
Usijifungie ndani. Toka, kaa barazani.
Mtu atapita, hata usiyemjua, aseme "pole".
Pole haitaki maelezo, wala haiulizi nani mkosa.
Jibu "nishapoa",
hata kama bado wachemka.

Jina lako litapindwa. Iliza, Elsa, Halisa.
Sahihisha mara mbili, ya tatu itika.

Na usingoje muhuri wa serikali
ukwambie kuwa umekuwa mwenyeji.
Siku moja utaenda kununua mkate asubuhi na noti kubwa,
Bwanaheri atakosa chenji, ataguna,
atatoa lile daftari lililonyofoka jalada,
alambe kidole, atafute ukurasa,
aandike jina lako, kwa makosa, chini ya langu,
na mbele yake deni la mkate mmoja.
Usimlazimishe kupokea noti.
Nenda na mkate wako nyumbani.

Kodi ni tarehe tano.
Paka si wangu, lakini kiti cha dirishani ni chake.