Hesabu ya Gizani

Baiskeli zilikuwa tatu, sisi saba:
ya baba, iliyonunuliwa kwa malimbikizo ya reli;
ya kukodi, kengele yake ikilia yenyewe kila shimo,
mjomba Chambo juu yake, nami nyuma na sufuria;
na ya Kibwana, aliyempakia Pili, breki yake kandambili.
Mama alikaa upande kwenye keria ya baba,
chupa ya chai pajani, kanga imebanwa magotini,
bibi harusi anayepelekwa na tarishi.
Zahoro mbele, kwenye bomba, mikono usukanini,
akiamini yeye ndiye anayeendesha.

Tulitoka Barabara ya Kumi na Tatu majirani hawajafagia.
Walioamka waliuliza, msiba uko wapi?
Maana mtu hatoki na watoto wote
na mihogo ya nazi iliyofungwa kitambaa
ila kwa msiba au harusi.
Baba akajibu: Tunakwenda kutembea tu.
Ile "tu" ilimnogea.
Aliirudia peke yake mpaka Kisosora.

Mapangoni Amboni mtembezaji alikuwa na kurunzi moja
na mizaha aliyoizoea.
Hili jiwe simba. Hili kochi.
Hili, akasema mjomba, mama mkwe wangu, mwamkieni.
Pili alilia kwa sababu ya popo.
Mimi nilijikaza, kwa sababu ya Pili.
Kisha mtembezaji akasema, sasa mtaona giza lenyewe,
akazima.

Giza la nyumbani lina mlango,
lina kuta unazozijua kwa kiwiko.
Lile halikuwa na kitu. Hata mikono yangu ilikuwa uvumi.
Ndipo mama akaanza:

Mmoja. — Niko.
Wawili. — Niko, mama, wamenikojolea.
Watatu. — Niko.
Wanne.

Tone la maji lilidondoka mahali.

Wanne.

Akaacha hesabu, akaita jina,
jina lote, na la baba, na la babu,
sauti ya mtu aliyeinamia kisima.
Kurunzi ilipowaka Zahoro alikuwa hatua moja nyuma yake,
ameshika ncha ya kanga, mashavu yamejaa kicheko.
Alipigwa kofi moja.
Halafu akapewa chungwa la kwanza, la Muheza,
ganda limemenywa mzunguko mmoja bila kukatika.
Nilimwonea wivu vyote viwili.

Mtoni Mkulumuzi, tukisuuza vyombo,
maji yakachukua kifuniko cha chupa.
Mjomba alikifuata hadi kiunoni
akarudi na ndara ya mtu mwingine.
Tangu hapo chai ya safari tuliinywea kopo la Kimbo,
na hazikuwa safari nyingi.
Mwaka karakana ilipopunguza watu baba aliuza baiskeli.
Aliutia mnyororo mafuta kwanza,
akaujaribu kwa mkono, gurudumu likazunguka hewani
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku hizi umeme ukikatika tukiwa kwa mama
hasemi leteni mshumaa. Anahesabu.
Wajukuu hunyamaza, wanajua si zamu yao.
Mmoja: Kibwana, mvi na kikohozi, niko.
Wawili: Pili, kutoka jikoni, niko, nimeunguza kidole.
Watatu: niko, nasema, na sauti inayotoka ni ya miaka tisa.

Wanne.

Aliaga anakwenda Beira mara moja.
Huu mwaka wa kumi na moja.

Mama hasemi wanne tena,
haiti jina la babu.
Anampa nafasi, taratibu, bila wasiwasi,
kwa vile anajua yuko mtoto hatua moja nyuma
anayejizuia asicheke.

Umeme ukirudi feni hukwaruza, huanza,
naye huuliza ni nani amemaliza mkate wa mofa.