Tumbo Halijui Unakuja

Siku ya kwanza waliniuliza, nikasema subirini.
Kijiko cha maji kilikuwa kimempalia mama,
amekohoa kwa upande mmoja tu wa uso,
na Sista Ndeshau ameandika kwa kalamu nyekundu
juu ya kitanda: ASIPEWE KITU MDOMONI.

Daktari alisema mrija, puani, leo au kesho.
Akaongeza, kwa uungwana, kwamba hata wao
hawajakubaliana ni lini hasa ndiyo mapema.
Nikashika hilo la mwisho.
Mwoga huokota neno linalomfaa.

Maana nimeona, kwetu Kibosho:
baba yake Elinami aliwekewa mpira Jumanne,
Ijumaa tukachimba.
Niliuhesabu mpira. Sikuhesabu
wiki mbili alizolala kabla yake, hamezi.

Siku ya pili, dripu.
Siku ya tatu, dripu, na dada Aikande
ameshuka Moshi na mtori kwenye chupa ya chai,
ameusaga hadi umelainika kama uji,
mtori ule ule mama aliowapikia wake zetu
kila walipojifungua.
Harufu iliingia wodini kabla yetu.
Mama akageuza jicho, lile zima.

Jicho hilo nalijua.
Lilinitazama hivyo siku niliyochelewa na majani,
ng'ombe anaramba hori tupu,
nami najitetea: nilikuwa nakuja.
"Tumbo halijui unakuja," alisema.
"Linajua umefika."

Nikatia sahihi.

Mrija ulipita. Mama alifumba jicho, akafumbua.
Sista akavuta kidogo, akapima kwa kikaratasi,
akainua kichwa cha kitanda,
akamimina maziwa kwenye bomba la sindano
wala hakuyasukuma. Yalishuka yenyewe,
kama maji ya mfongo yanavyoingia kihambani
zamu yako ikifika,
na zamu ikikupita, umwamshe nani?

Saa tatu. Saa sita. Saa tisa.
Nimeziandika kiganjani, nikinawa nazirudia.
Kama niliwahi, sijui.
Nikimuuliza Sista Ndeshau
anarekebisha plasta puani pa mama
ambayo haikuwa imelegea.

Mtori ulibaki.
Niliula nimesimama, nje, penye bomba la kufulia,
umepoa, mlima umejifunika,
Aikande ananitazama bila kusema.
Nilikwangua hadi chini.
Ilikuwa saa tisa kasorobo. Nikapanda ngazi mbio.