Pia ya Goti

Saa kumi na moja na robo, Buruburu bado ina giza,
nashuka ngazi kwa ubavu, kama kaa,
mguu wa kulia kwanza,
wa kushoto ukifuata kama mtoto aliyenyimwa chai.

Siku ya kumi na tisa tangu nianze mbio.
Siku ya saba tangu goti lianze lake.

Goti, ulikuwa wapi miaka arobaini na minne?
Nilikupiga kanisani mkesha mzima,
nilikuburuta saruji nzima na brashi mkononi,
hukunena.
Leo nimekuomba kilomita mbili,
kutoka getini hadi Mutindwa na kurudi,
ndipo umeota ulimi.

Na ulimi wenyewe!
Unanichoma chini ya meza ya kazi,
katikati ya hesabu za misumari na mabati.
Nikisimama, kach,
karani mwenzangu anauliza nani anakula biskuti.

Binamu aliye Doha ananicheka kwa simu:
"Mkenya mzima! Mbio si zimo damuni?"
Damu yangu ni ya mama aliyeuza mandazi akiwa amekaa
na baba fundi wa cherehani.
Ukoo mzima aliyekimbia ni mjomba Olang'o,
naye aliwakimbia askari wa kanjo.

Mwikali wa ghorofa ya pili kaleta mafuta ya mbuni,
nisugue kuelekea moyoni.
Ekai, bawabu, hakuleta kitu. Alisema tu:
"Mama, unakanyaga kama anayebisha hodi.
Lami haina mtu ndani."

Alhamisi, Mbagathi, foleni, nambari hamsini na mbili.
Kerubo, msichana wa kunyoosha viungo,
hakuligusa goti. Alichukua kiatu.
Akakipindua, akaweka kidole pale soli ilipoliwa,
kisigino kimelalia ndani kama mshumaa ulioachwa juani.
"Ulivinunua wapi?"
Gikomba. Mia nane,
baada ya kuapa kuwa sina zaidi ya mia sita.
"Aliyevivaa kwanza alikuwa akiegemea ndani.
Wewe huegemei.
Goti lako linabishana na mtu usiyemjua."

Kisha akaishika pia ya goti kwa vidole viwili, akaitikisa.
Pia! Nikacheka, nikashindwa kumweleza.
Kaloleni tulizichonga kwa mti wa mpera,
tukazizungushia uzi, tukazirusha vumbini,
na iliyozunguka vyema ilisimama tuli
ukadhani imelala.
"Misuli ya paja ndiyo uzi wake," alisema.
"Ukilegea, pia huyumba."

Wiki mbili bila mbio.
Nimekaa ukutani kama kitini, bila kiti,
jasho likitiririka, mwanangu akihesabu
na kuruka namba kwa makusudi.
Nimegandisha maji katika pakiti tupu ya maziwa,
nikaiweka gotini taarifa ya habari ikisomwa.

Na yule mtu wa viatu nimemfikiria sana.
Mwanamke, nadhani, wa mji wa baridi,
anakimbia kando ya mto nisioujua jina,
akiinamia ndani kila hatua kama anayenong'onezwa.
Kwa nini aliviachia?
Alipata vipya? Alichoka?
Au naye aliamka siku moja
akashuka ngazi kama kaa?
Viatu nimevitupa. Kamba zake nimebaki nazo.

Leo dakika moja mbio, mbili mwendo,
kwenye udongo wa kiwanja cha shule, si lami.
Nabisha hodi polepole.
Dakika ya nne pia inasema kitu,
si kilio, ni kama mtu anayegeuka kitandani.
Nasimama niisikilize.

Mtoto wa darasa la tatu ananipita,
begi likimpiga mgongoni, mkate mdomoni,
soksi moja chini.
Amechelewa, basi.
Hata hajui kwamba anakimbia.