Kazi ya Njiani

Meli ya Bukavu inang'oa nanga saa moja jioni.
Tangu asubuhi kitanda changu ni soko:
madonge, vipande, ncha za nyuzi, kulabu tano,
nami nimesimama katikati
kama mteja aliyesahau pesa nyumbani.

Blanketi kwanza. Limeshafika magotini,
rangi ya udongo wa Masisi baada ya mvua.
Lakini blanketi halisafiri, linahama.
Litadai kiti chake na tiketi yake,
na jirani atalilalia kabla yangu.
Wewe, baki ulinde nyumba.

Kitambaa cha meza, kile cha mananasi:
nguzo kumi na tatu, ruka mbili, rudi.
Hicho chataka taa, chataka ukimya,
na melini hakosekani mama wa kuniuliza
naenda kwa nani, nimezaa wangapi.
Nikimjibu, hesabu imekwenda,
nanasi la saba limeota pembe.

Nyeupe, hapana. Nyeupe na makapu ya sambaza!
Nyeusi, hapana: usiku wa ziwa umeshafumwa,
nitaongeza nini ndani yake?

Shangazi Kyakimwa, aliyenifunza
kwa spoki ya baiskeli
aliyoikunja ncha mwenyewe juu ya jiwe la lava,
alikuwa akisema kazi ya njiani
iwe kama mtoto mpole:
unapomwacha ndipo unapomkuta.
Na iwe moja. Mshika mbili moja humponyoka,
na kinachoponyokea majini, mwanangu, hakiokotwi.

Mwaka ule mlima ulipopasuka
sikuchagua.
Walisema tokeni, tukatoka.
Tulipofika Sake nikafungua mfuko:
kiatu kimoja cha Kavira, chumvi, kifuniko bila sufuria,
na donge la uzi wa manjano.
Mpaka leo sijui ni mkono gani uliolichukua.
Kulabu haikuwamo.
Nikafuma kwa vidole, siku tisa,
mnyororo mtupu, mrefu, usio na kazi.
Nikifika mwisho wa uzi naufumua,
naanza upya.
Mtu akaniuliza hiyo ni kamba ya nini.
Nikasema ya kufungia mlango.
Mlango wenyewe hatukujua kama upo.

Basi leo mniache nichelewe.
Mniache ninyanyue hiki, nikirudishe,
ninuse sufu, nivute uzi kama umeoza.
Kavira anapiga simu kutoka Nguba:
Mama, hujafunga mizigo tu? Chukua chochote!
Chochote.
Mtoto huyu alibebwa na chochote mgongoni,
hakumbuki uzito wake.

Nimepata. Kofia.
Pete ya mishono sita, kisha kuongeza,
kuongeza, mpaka itoshe juu ya goti langu,
maana mjukuu bado yuko ndani
na kichwa chake nakipimia kwa makisio.
Kofia inazunguka, haina mwanzo wa kupoteza,
gizani kidole gumba kinaiona.
Uzi ni ule wa manjano.
Umejikunja-kunja pale nilipoufumua,
nimeufua mara mbili, haunyooki.
Sawa. Utafumwa hivyo hivyo na mikunjo yake.

Bandarini askari anapekua mkoba,
anainua spoki ya Shangazi kwenye tochi.
Na hiki?
Kofia, nasema.
Anatazama chuma, anatazama uzi,
ananitazama mimi.
Mke wangu pia, anasema, anarudisha,
na mkoba haupekui tena mpaka chini.

Heri. Maana chini kabisa, chini ya kanga,
Shangazi asisikie huko aliko,
kuna donge la pili, la buluu.
Safari ni ndefu,
na baba wa mtoto ana kichwa kikubwa.